Upanga Unaonukia Karafuu

Mpendwa mshauri Jerotich wa gazeti letu, naomba msaada wako, na nianze na lile nililolificha: upanga unaoitwa upanga wa ukoo wangu, huo unaopelekwa kwenye harusi za Watanzania wa Maryland ukiwa umefungwa kanga, niliununua mwenyewe dukani Temple Hills, ni upanga wa ninja, na haujawahi kufika kwetu Bukoba hata siku moja.

Sasa nimesema. Mwandiko unayumba, utanisamehe, moyo wangu umechoka na madaktari wameshaniambia kwa adabu yote kwamba hautafika mbali, na binti yangu Irene, ambaye ni muuguzi na ndiye ninayeishi kwake hapa Takoma Park, amenivisha mrija wa hewa puani kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Nimefundisha historia maisha yangu yote, kwanza nyumbani halafu hapa Washington, watu wananiita Mwalimu hata wale ambao sijawahi kuwafundisha kitu, na ndiyo maana jambo hili linaniwasha kuliko ambavyo lingemwasha mwingine. Majina ya watu katika barua hii nimeyabadilisha.

Ilikuwa hivi. Mke wangu alipofariki nilikaa ndani mpaka magoti yakaanza kukataa kunyooka, basi Hodari, Mmarekani mweusi niliyemfundisha Kiswahili katika darasa la jioni, ambaye ana ukumbi wa karate Temple Hills na duka dogo la vifaa mbele yake, akanilazimisha niende kwake nikanyooshwe viungo, nami nikaenda, na siku ya kwanza tu sikunyoosha kiungo chochote kwa sababu ukutani mle dukani niliona panga za Kijapani, zote zimepinda kidogo kama mgongo wa samaki, isipokuwa mmoja ambao ulikuwa umenyooka kabisa, na kikingio chake cha mkono kilikuwa cha mraba badala ya duara. Nikauliza mbona huu umenyooka. Hodari, ambaye Kiswahili chake ni cha kitabuni, alisema, "Mwalimu, huo ni wa ninja, na unyofu wake umezusha ugomvi mkubwa."

Alinieleza kwamba wako wanaosema wapelelezi wa zamani wa Japani waliubeba mfupi na mnyoofu, na kwamba kikingio kilifanywa cha mraba ili mtu auegemeze ukutani akikanyage kama ngazi, na wako wanaosema hizo ni hadithi, hakuna upanga wa kale wa namna hiyo uliowahi kupatikana, umbo hili limetokana na sinema na maduka ya karne ile tuliyoimaliza. Mshauri, mimi niliwauliza wanafunzi wangu swali moja tu miaka yote, nani kasema na yeye kajuaje, kwa hiyo unaweza kufikiri ugomvi huo ulivyonishika, nilikwenda maktaba nikasoma kila nilichopata, nikaona kila kitabu kinaegemea kitabu kingine na cha mwisho hakiegemei kitu, nikarudi kwa Hodari nikamwambia aniuzie ule upanga.

Hakuniuzia hivi hivi. Aliniuliza nataka wa kutundika au wa kukata, akanifundisha tofauti, kwamba zile zinazong'aa sana za chuma kisichoshika kutu mara nyingi mkia wake ndani ya mpini ni mwembamba kama mkia wa panya, umechomelewa tu, ukiupunga upanga kwa nguvu unaweza kubaki na mpini mkononi huku chuma kinaruka kwa jirani, ila upanga wa kweli chuma chake kinaingia mpaka ndani sana ya mpini na kinashikwa na vijiti vya mwanzi vinavyopita upande hadi upande, lakini huo nao unashika kutu, hausahau mkono uliougusa. Nikasema sitaki kutundika wala kukata, nataka kujua. Alicheka sana. "Basi chukua unaoshika kutu," alisema, "huo utakulazimisha uujue."

Na kweli ulinilazimisha. Unauweka makali yakiangalia juu, unauinamia kidogo kwa heshima, unabana kipande cha karatasi kati ya midomo ili pumzi na mate visifike kwenye chuma, unautoa kwenye ala polepole, unaufuta mafuta ya zamani kwa karatasi laini ukianzia upande wa mgongo, kamwe si upande wa makali, halafu una kifuko cha hariri chenye unga wa jiwe laini sana, unakigonga gonga juu ya chuma hadi kipate vumbi jeupe, unafuta tena, na mwisho unapaka mafuta membamba, kidogo tu, yasitiririke. Mafuta hayo ya Wajapani yametiwa karafuu. Nilipofungua kichupa mara ya kwanza nilikifunga nikakifungua tena, karafuu, Temple Hills, kutoka Japani. Kila mwezi nilijifungia chumbani nikafanya hivyo, na kwa muda ule sikuwa mgane wala mgonjwa.

Irene aliuona chini ya kitanda alipokuwa anatafuta viatu vyangu. Akauliza, "Baba, hiki nini?" Nami niliona haya, mshauri, haya ya kitoto kabisa, mzee mwenye mvi, msomi, amejinunulia upanga wa ninja kama mvulana, nikamwambia ni kitu cha zamani. Akauliza kama ni cha babu wa ukoo. Nikakohoa. Kikohozi kile ndicho kilichozaa yote yaliyofuata, kwa sababu Irene hapendi silaha ndani ya nyumba, akasema kama si cha babu angekitupa siku hiyo hiyo, akaufunga kwenye kanga ya marehemu mama yake, akaurudisha mahali pake kwa heshima.

Haukupita muda, rafiki yetu Ferdinand akawa anamwoza binti yake Violet kwa kijana Mmarekani mweusi, na sherehe ya kumuaga ilifanyika katika ukumbi wa kukodi Lanham. Kamati ikawa na wasiwasi, maana upande wa bwana harusi walitangaza kwamba wataleta ufagio wao uliopambwa ili maharusi wauruke, ni mila yao tangu enzi za utumwa, na sisi tulikuwa na keki na mbuzi aliyechomwa na wapishi wa kukodi kutoka El Salvador, basi Ferdinand akapita kwa wazee akiomba yeyote mwenye kitu cha mila akilete kikae mezani, na Irene, bila kuniuliza, akasema baba ana upanga wa babu.

Ningeweza kukataa. Nilijiambia utakaa mezani tu. Lakini Peterson, mmoja wa vijana wa bwana harusi, aliuchomoa akaupitishia vidole vyote vinne kutoka mwanzo hadi ncha, akisema jinsi unavyopendeza, na mimi nikaona jasho likibaki juu ya chuma kama njia ya konokono, nikasahau nilipo. Niliinuka nikamnyang'anya, nikatoa mfukoni kifurushi changu cha unga na mafuta, kwa sababu nilikuja nacho, nikabana karatasi midomoni nikaanza kuusafisha pale pale mbele ya keki. Mshereheshaji akazima muziki. Ukumbi mzima ukageuka kutazama, hata watoto. Nikafuta, nikagonga unga, nikafuta, nikapaka mafuta, na mshereheshaji akaniletea kipaza sauti akaniomba niwaeleze mila hii inaitwaje kwetu, nami nilikuwa na karatasi mdomoni na chuma uchi mkononi, sikuweza kujibu, na kutojibu kwangu kukazidi kuwatia hofu.

Ndipo Bi Mwatumu, mama wa Kipemba anayeuza vitumbua kwenye sherehe zetu zote, alipoisikia ile harufu. Alisogea akavuta pumzi akafumba macho. "Karafuu hii," alisema. "Mie nimezaliwa kwenye mkarafuu, hanidanganyi mtu. Hichi kitu chetu, tena cha kale, kimepita kwetu ndo kikenda bara." Akaanza kulia, na mama wengine wakalia naye, na mshereheshaji akatangaza kwamba katika ukoo wa Mwalimu upanga husafishwa binti anapotoka nyumbani ili aondoke bila doa. Sijui alilitoa wapi neno hilo. Nilipoondoa karatasi mdomoni kila mtu alikuwa ananitazama, Violet alikuwa analia kwa furaha, baba yake amenishika bega, nikainamisha kichwa.

Tangu siku hiyo nimeitwa Silver Spring, Laurel, hata Baltimore. Na hapa, mshauri, nakiri kwamba zaidi ya aibu nilikuwa na udadisi, maana nilikaa kitini nikitazama mila inavyoota, kitu ambacho mwanahistoria hukikuta kila mara kimeshakomaa. Bi Mwatumu aliongeza tone la mafuta kwenye paji la uso la bibi harusi. Mtu mwingine akaongeza kwamba bwana harusi ndiye ashike ala. Binti mmoja alipoinama karibu mno nikamzuia kwa mkono kwa kuogopa pumzi yake italeta kutu, na harusi iliyofuata nikakuta imekuwa mwiko, bibi harusi haruhusiwi kupumua mbele ya chuma, wanabana pumzi mabinti wale mpaka mashavu yanavimba. Nilimpigia mdogo wangu Zefania aliye Bukoba nikitumaini atanicheka anirudishe kwenye akili zangu. Akaniambia, "Kaka, mimi naukumbuka. Babu aliutundika juu ya mlango, akatukataza kuugusa." Babu yetu, mshauri, alikuwa katekista, juu ya mlango wake palikuwa na msalaba tu.

Ningekufa na haya yote bila kukusumbua kama si Nyah. Huyu ni mjukuu wangu, binti ya Irene, baba yake ni Mmarekani, naye kama watoto wetu wengi hapa Kiswahili anakielewa tangu utotoni ila hujibu kwa Kiingereza, miaka yote mimi na yeye tumezungumza hivyo, kila mtu ng'ambo yake ya mto. Alipokuwa msichana mdogo alinikwepa, nadhani nilimchosha. Upanga ndio uliomleta chumbani kwangu. Alianza kuja kunitazama nikiusafisha, akauliza jina la kila kipande, akaniletea chai, na alipoingia chuo kikuu akasomea mambo ya mila za watu, na sasa kazi yake ya kumalizia shahada ni juu ya upanga huu. Amezungumza na Bi Mwatumu. Amezungumza na Zefania, ambaye sasa anakumbuka hata msumari. Profesa wake ameipenda kazi hiyo kiasi cha kumtaka aisome mwezi wa nne mbele ya mkutano wa wasomi, pamoja na picha, na ninajua kama ninavyojua jina langu kwamba katika ukumbi ule atakuwepo mtu mmoja anayejua panga, atakitazama kile kikingio cha mraba, atainua mkono, na mjukuu wangu atasimama pale mbele bila la kusema.

Nikimwambia sasa, namvunjia kazi aliyoitaabikia na namwondolea sababu ya kuja kukaa na mimi, siku zenyewe zimebaki kiduchu. Nikinyamaza, nitakuwa nimeshazikwa siku atakapoaibika, na hatakuwa hata na wa kumgombeza. Nilimweleza Hodari, akaniambia yeye aliniuzia upanga tu, ukoo sikuununua kwake. Naomba uniambie nifanye nini, na kama una nafasi uniambie pia nifanye nini na zile alama za vidole vya Peterson, maana pamoja na juhudi zangu zimeacha vidoa vya kutu karibu na ncha, na mikono yangu haina tena nguvu ya kuushika.

Limebaki moja ambalo sikutaka kuliandika. Juzi Nyah alikuja, akafunga mlango, akaketi kitandani, na sasa nadhani alikuwa ameshaanza kushuku, maana alinitazama usoni kwanza. Aliniuliza kwa Kiswahili. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kuniuliza jambo kwa lugha yangu, alikuwa ameyapanga maneno, nilimwona akiyahesabu. "Babu, hii upanga ni ya sisi, kweli?" Nikamwambia kweli.

Mwalimu, Takoma Park


JEROTICH ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Sisi wa Eldoret hatukuzaliwa na salamu hiyo, tumejifunza hapa hapa kwenu Maryland, kwa hiyo usifikiri ni wewe peke yako uliyeokota mila ukubwani.

Kwanza pole kwa maradhi. Pili, umesema umebadilisha majina. Mzee, katika jimbo lote hili kuna upanga mmoja tu unaonukia karafuu. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye harusi ya Laurel, nilisimama safu ya pili, na nilibana pumzi pamoja na bibi harusi. Kwa hiyo tusifichane.

Nikugombeze kidogo halafu tuendelee. Barua yako ni ndefu na tamu, na umeipanga kwa ustadi ili nione kila uongo umeingia wenyewe: kikohozi, karatasi mdomoni, kichwa kimeinama, Bi Mwatumu kanusa, Zefania kakumbuka. Hayo yote nakusamehe. Kununua upanga ukiwa na mvi si dhambi, mume wangu amenunua ngoma za umeme na hajui kupiga hata meza. Watu wa Lanham walikuwa na njaa ya kitu chao, ukawapa, wakala wakashiba. Lakini Nyah hakuwa ukumbini na kipaza sauti. Alikuja peke yake, akafunga mlango, akakuuliza lile swali lako mwenyewe, la nani kasema na yeye kajuaje. Hapo hukukohoa. Ulimjibu. Huo ndio uongo pekee katika barua hii, na bado uko ndani ya uwezo wako kuurekebisha kwa sababu bado unapumua, hata kama ni kwa mrija.

Unasema ukimwambia utavunja kazi yake. Kwa msomi, unanishangaza. Mwenyewe umeandika kwamba wanahistoria hukuta mila zimeshakomaa. Wewe umeiona hii tangu inachipua, nani aliongeza tone, nani aliongeza ala, mwiko wa pumzi ulitoka wapi, ndugu alianzaje kukumbuka kisichokuwepo. Huyo binti hahitaji upanga wa babu katekista. Anakuhitaji wewe, shahidi, na una muda mfupi. Kazi aliyonayo sasa itabomolewa na mkono mmoja ukiinuka. Kwa kazi utakayompa, huo mkono ukiinuka, atakuwa na jibu.

Na unaogopa kwamba akijua hatakuja tena. Hapa ndipo nilipokuonea huruma, nikaweka kalamu chini. Lakini mzee, usimdharau mjukuu wako. Mtoto anayekuja kutazama chuma kikifutwa hurudi kwa ajili ya mikono inayofuta. Atakasirika, tena sana. Atapiga mlango, pengine atarudi kwenye Kiingereza wiki nzima ili akuumize. Mvumilie. Ni haki yake, na hasira ya mtu uliyemwambia ukweli ina mwisho. Ya mtu aliyegundua ukiwa kaburini haina pa kwenda.

Basi fanya hivi. Anza na Irene, leo. Nyumba ni yake, silaha iko chini ya kitanda ndani ya nyumba yake, na aliikubali kwa sababu ya babu ambaye hahusiki. Mpe nafasi ya kusema hataki. Akikubali ibaki, ikae kwenye kabati linalofungwa, mbali na watoto wa wageni. Isikae chini kwenye basimenti ambako unyevu unapanda, wala isifungwe ndani ya mfuko wa ngozi. Kanga ya marehemu mama yake mrudishie.

Halafu mwite Nyah, na mwite na Hodari aje, kwa sababu yeye ndiye aliyekuuzia na huyo hawezi kukumbuka mambo ya mlangoni. Usihutubie. Walimu mkianza kuhutubia mnapata mahali pa kujificha. Mpe Nyah upanga mkononi, mwache ausafishe yeye kwa mara ya kwanza huku wewe ukimwelekeza. Hodari amsaidie kutoa vile vijiti vya mwanzi na kuvua mpini, aone chuma cha ndani kilichokuwa kimefichwa, asome jina la mfua chuma kama limeandikwa pale, au aone hakuna kilichoandikwa. Kisha, upanga ukiwa umelala uchi mbele yenu, mwambie, "Niliununua. Uliniuliza nikakudanganya." Kwa Kiswahili. Sentensi hizo mbili tu, halafu nyamaza mpaka yeye aseme. Akitaka kinasa sauti, kubali. Akikuuliza jambo gumu, jibu lilivyo.

Vidoa vya kutu usiviparue kwa msasa wala steel wool ya jikoni, wala usimruhusu mtu wa sherehe akuletee dawa ya masufuria. Nilimuuliza fundi wa visu ninayemwamini, akasema vidoa vidogo hupakwa mafuta, huachwa kidogo, hufutwa kwa kitambaa laini tena na tena, na ambavyo havitoki huachwa, ukivikwangua unaharibu zaidi ya kutu. Mafuta yawe membamba. Yakizidi yanatiririka ndani ya ala na kubeba uchafu. Kazi hiyo sasa ni ya mikono ya Nyah kama ataitaka, na kama hataitaka ni ya Hodari. Kwa vyovyote upanga usisafirishwe pamoja nawe utakapopelekwa kuzikwa Bukoba. Huko una msalaba juu ya mlango, unatosha. Zefania mwachie Nyah. Atampigia simu na kumuuliza tena kuhusu msumari, na nadhani watacheka wote wawili, maana mzee yule hakudanganya, alikuwa anakupenda.

Kuhusu maharusi wetu, wasiwasi wako wa nini? Violet ameondoka bila doa, Mungu amsaidie, na hakuna chuma cha Japani wala cha Bukoba kitakachoitengua ndoa yake. Wakitaka kuendelea waendelee, ila wajue wanaendeleza kitu cha Lanham. Wale wenye ufagio nao walianza siku moja mahali fulani, mtu wa kwanza aliruka bila kuwa na babu aliyewahi kuruka.

Jibu hili pamoja na barua yako nakurudishia kwa posta, wewe peke yako, kwa maandishi makubwa ili usimtwishe mtu kazi ya kukusomea. Gazetini hayatoki mpaka Nyah mwenyewe anipigie simu aseme yachapwe. Si wewe, si Irene, ni Nyah. Na msomaji mwingine yeyote, kama umeyasoma haya, basi ujue alipiga.